Mlango wa Sentimita Sabini na Sita

Kiti cha magurudumu kiligoma mlangoni. Nilidhani kimenasa kwenye zulia, nikakisukuma tena, vidole vya mama vikabanwa kati ya gurudumu na fremu. "Mama yangu wee! Utanivunja!" Nikamrudisha nyuma haraka, nikabaki nimekodoa macho. Kiti kina upana wa sentimita sabini na tatu. Mlango wa choo niliuchora sabini na sita, mimi mwenyewe, kwenye kompyuta yangu. Haiwezekani!

Mwaka wa kumi na moja huu nachora ramani za nyumba za watu. Mama alipokatwa mguu alitoa sharti moja tu la kurudi nyumbani: aende choo mwenyewe. Hospitali alikuwa anabebwa na wauguzi, na kila mara analia kwa aibu. Nikamwambia aondoe shaka, hiyo kwangu kazi ndogo. Ukuta ukabomolewa, fremu mpya ya chuma ikawekwa, vigae vikabandikwa. Leo ndiyo kwanza anaingia nyumbani, na tangu tuko kwenye gari alikuwa ananiambia amebanwa.

Fremu aliitengeneza Cheche, fundi wa kuchomelea, na alikuwepo hapo hapo anafunga kitasa. Basi nikamgeukia. Mimi nikipandwa na hasira sina breki. "Wewe Cheche, una wazimu? Mlango huu umempimia nani, paka?" Nikamwita kipofu, nikamwita mwizi wa vyuma, nikamwambia ataung'oa kwa meno. Mama akanivuta gauni ninyamaze. Wapi!

Cheche akaweka kitasa chini. Alitoa mchoro wangu mfukoni, umekunjwa mara nne na umelowa grisi, akautandaza sakafuni, akaweka rula juu yake. "Dada, ulisema moja kwa kumi. Sentimita moja ya karatasi ni kumi za ukutani. Namba hukuandika, ulisema zinachafua mchoro, nipime tu. Haya, soma mwenyewe."

Nikachuchumaa nikasoma. Sentimita saba na milimita moja. Nikafuta macho, nikasoma tena. Saba na milimita moja! Yaani ukutani sabini na moja.

"Na nilikupigia simu," akasema. "Nikakwambia mlango nauona mwembamba. Ukanijibu nisikufundishe kazi."

Hapo ndipo nikakumbuka. Wakati wa kuchapa, kompyuta inauliza: mchoro utoke kwa kipimo chake, au upunguzwe utoshee karatasi? Hapo kwenye kupunguza kuna tiki, na mimi huwa naitoa kila siku bila hata kufikiri. Siku ile nilikuwa nakimbilia saa za kumwona mama wodini. Sikuitoa. Printa ikapunguza kila kitu kidogo tu, kiasi ambacho jicho haligundui, na karatasi ikatoka safi, nikajisifu. Chini yake imeandikwa vilevile, skeli moja kwa kumi. Fundi wa watu alifuata nilichompa.

"Nisamehe, Cheche," nikasema.

"Yameshatokea, dada. Kesho asubuhi naleta grenda, tunakata."

"Kesho?" mama akadakia. "Mimi nimebanwa sasa hivi."

Cheche akaelewa, akaokota rula yake akatoka nje. Mama akaninyooshea mikono, uso kaugeuzia ukutani.

Mama yangu ni mwanamke wa miraba minne. Huyu ndiye aliyekuwa anaingia na mtungi wa gesi begani huku anatugombeza tumpishe njia. Nikapanua miguu, nikakaza mgongo, nikamnyanyua kwa nguvu zangu zote. Akaruka juu, kidogo kichwa kigonge fremu. Mungu wangu! Nilikuwa nimebeba mtoto.

"Taratibu," akaninong'oneza shingoni. "Kwani hukuona nilivyokwisha?"

Sikuwa nimeona.