Mashimo Matatu Chini ya Mikaratusi

Ukitaka kujua nani ana nguvu katika chuo chetu, usisome vyeo vilivyoandikwa milangoni. Angalia ni kipande gani cha ardhi ambacho hakuna anayethubutu kukigusa. Uwanja wa mpira ni wa wanafunzi, na aliyewahi kuwaona wakiandamana hautaji mara mbili. Shamba la chai lililobaki ndani ya ua ni la Kitivo cha Kilimo. Wanasema ni la utafiti, ingawa utafiti wenyewe sijausoma popote. Maegesho ya magari ni ya wahadhiri. Kwingine kote kumejengwa mpaka madirisha yanatazamana, na wasichana wa mwaka wa kwanza wanalala wanne katika chumba cha wawili.

Kwa hiyo Februari, kamati ya majengo ilipokaa kutafuta pa kuweka hosteli mpya ya orofa nne, macho yote yalitua kwenye karakana.

Mimi naitwa Nyathira, ni fundi sanifu wa idara ya majengo, na kazi yangu ni kupima udongo na kuandika ripoti. Karakana yetu ni banda refu la mabati karibu na lango kuu. Humo watu kumi na wanne huchomelea vitanda vya wanafunzi, hurekebisha madawati, hufungua mabomba yaliyoziba. Hakuna hata mmoja aliyeajiriwa kwa kudumu. Profesa Mageto, mwenyekiti wa kamati, alieleza kwa upole wake kwamba karakana ikivunjwa, kazi zake zitapewa kampuni kutoka nje. Hakuna aliyeuliza wale kumi na wanne wataenda wapi. Chai ililetwa, watu wakaanza kupitisha sukari.

Nikainua mkono. "Kuna mahali pengine, Prof. Kule bondeni, kwa mikaratusi."

Wote waligeuka kunitazama kana kwamba kabati limesema. Ile mikaratusi ilipandwa na kampuni ya chai iliyokuwa na shamba hili kabla ya chuo, kwa ajili ya kuni za kiwanda. Haikuwa ya kitivo chochote. Haikuwa na mtu wa kulala barabarani kuitetea.

"Umepima?" Profesa Mageto akauliza.

"Nitapima wiki hii."

Nilipima. Tulichimba mashimo matatu, kila moja futi kumi kwenda chini. Aliyechimba ni Kipkurui, mkubwa wa karakana, mzaliwa wa ng'ambo ya mto, pamoja na vijana wake wawili. Februari hiyo jua lilikuwa kali hata majani ya chai yalikuwa yamejikunja. Udongo ulitoka mwekundu na mkavu kama unga. Kipkurui alisimama kwenye ukingo wa shimo la tatu, akaitazama miti kwa muda, akarudi kufukia. Sikumuuliza anaona nini. Niliandika: maji ya ardhini hayakuonekana. Nikatia sahihi na karakana ikapona. Jioni hiyo Cherotich, fundi wetu wa kuchomelea, aliniletea maziwa lala yaliyoganda vizuri ndani ya chupa ya soda, na nikayapokea kama mtu aliyestahili.

Machi miti ikakatwa, magogo yakaenda kiwandani. Aprili mvua ikaja.

Kila asubuhi nilizunguka kupitia bondeni kabla ya kwenda ofisini, nikijiambia nanyoosha miguu. Wiki ya kwanza niliona nyasi za kijani kibichi kati ya visiki, nikasema ni mvua. Wiki ya pili nyayo za trekta zilishika maji yasiyokauka, nikasema ni mvua. Wiki ya tatu kontrakta alichimba mitaro ya msingi, na pampu ikawa inanguruma tangu saa moja mpaka jioni. Vyura walikuwa wengi kiasi cha wafanyakazi kuacha kuwashangaa. Nilimuuliza Wambugu, msimamizi wa kontrakta, maji yanatoka wapi.

"Ni mvua tu, Madam," akasema. "Ikikatika itakauka. Ripoti yako si ndio ilisema hakuna maji?"

Kisha mvua ikakatika kweli, siku nne mfululizo, kitu ambacho Aprili hakionekani sana huku kwetu. Siku ya kwanza nilipima maji ya mtaroni kwa kijiti nilichokitia alama kwa kisu kila inchi, na siku ya nne nikashuka nacho tena. Maji ya mtaroni yalikuwa yamepanda inchi tano. Mbingu kavu, na maji yanapanda. Niliogopa, nakiri. Nilikitupa kile kijiti kwenye visiki, nikatazama nyuma kama kuna mtu aliyeniona.

Jumamosi nilienda nyumbani Kedowa. Mama yangu, Magdaline, anaishi peke yake tangu baba afariki, na ng'ombe wawili na robo tatu ya ekari ya chai. Nilimkuta anakamua. Sikutaka kumwambia, lakini nilikuwa nimekuja kwa sababu hiyo tu.

"Mami, unakumbuka ile jikoni ya zamani, ya huko chini?"

"Ile ilizama? Kwani unataka kuijenga tena?"

"Ilizama kwa nini?"

Aliacha kukamua, akanitazama. "Baba yako alikata blugamu, hiyo mikaratusi ya pale chini, ndio apate mbao za hii nyumba. Mwaka uliofuata maji ikaanza kutoka kwa sakafu. Hiyo miti ndio ilikuwa inaikunywa. Wewe ndio ulikuwa unachota na sufuria ukimwaga nje. Ulikuwa darasa la tano, ukilia ati viatu ya shule imelowa."

"Nilikuwa nimesahau."

"Hukusahau, Nyathira." Akarudi kwenye chuchu za ng'ombe wake. "Mtu hasahau hivyo. Nini umefanya?"

Nikamweleza yote, kamati, karakana, mashimo, sahihi. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali anifokee. Aliuliza tu konkriti itamwagwa lini. Nikasema Jumatatu. Akasema basi nina Jumapili moja.

Jumapili hiyo sikuimaliza vizuri. Kanisani nilisimama wakati watu wameketi. Niliporudi chumbani kwangu nilijaribu kujipa moyo kwa hesabu za kitaalamu: wataongeza mawe, watatia mifereji, msingi mpana hubeba mengi. Watu hujenga juu ya maji, si lazima kila kitu kianguke. Lakini kila nilipofika kwenye neno "si lazima" niliona ukuta wa ile jikoni ulivyokuwa umeinama, na baba akiuegemeza kwa mti. Tena ile ilikuwa jikoni tu. Hosteli ni wasichana mia tatu, wamelala. Na ukweli wangu nao ulikuwa na watu kumi na wanne mgongoni. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, na wa kwangu walikuwa wale wale niliotaka kuwaokoa.

Jumatatu saa moja asubuhi nilienda karakana kwanza. Kipkurui alikuwa peke yake, anafungua makufuli.

"Nimekuja kukuambia kabla sijaambia kamati," nikasema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipochimba." Alitundika kufuli kwenye msumari wake. "Nyanya yangu alikuwa ananywesha ng'ombe hapo, kabla kampuni haijapanda hiyo miti. Ilikuwa maji tupu. Ng'ombe ilikuwa inazama mpaka hapa." Alijigusa kiunoni.

"Mbona ukanyamaza, Mzee?"

"Kwa sababu ile ile ilikunyamazisha wewe."

Nje lori la kwanza la konkriti lilikuwa linapita langoni, na mabati ya banda yakatetemeka.

"Hiyo nyumba inaweza simama miaka kumi," Kipkurui akasema taratibu, kama mtu anayesoma. "Ama kumi na tano. Watoto wangu watakuwa wamemaliza shule. Cherotich atakuwa amejenga kwake."

"Na ikisimama miaka mitatu?"

Alichukua kitambaa akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Enda basi," akasema. "Sitakushika. Lakini usiniambie nifurahi."

Nilishuka bondeni karibu nikikimbia. Malori yalikuwa matatu, ngoma zao za konkriti zinazunguka, na Profesa Mageto alikuwepo na kofia ya kazi iliyokuwa bado na bei yake. Wambugu alikuwa ameinua mkono kumwelekeza dereva wa kwanza arudi nyuma.

"Prof, simamisha," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Simamisha. Ripoti yangu si sahihi."

"Unasema nini?"

"Nilipima miti ikiwa imesimama. Ilikuwa inakunywa maji yote ya hapa. Sasa haipo. Hapa ni chemchemi, Prof. Siku nne hakukunyesha na maji yamepanda inchi tano."

"Na Februari hukulijua hilo?"

Hapo ndipo ningeweza kusema sikulijua. Ndilo jibu lililokuwa tayari mdomoni, na hakuna ambaye angelipinga. Nilimwona Kipkurui amesimama juu kwenye njia, mbali, mikono nyuma.

"Nililijua," nikasema. "Sikutaka karakana ivunjwe."

Profesa hakupandisha sauti. Aliniambia niandike maneno hayo, nitie sahihi na tarehe. Niliandikia juu ya boneti ya gari lake huku Wambugu akipiga simu kwa mabosi wake na madereva wakiuliza nani atalipia konkriti inayoganda. Profesa aliikunja karatasi, akasema mkataba wangu unaisha Juni na mambo yangu yataangaliwa wakati huo. Kisha akaita kamati ikutane saa sita.

Nilikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa la kijinga. Nilidhani wakishaona maji, aibu ingewafanya watoe walichokuwa wamekalia. Kikaoni nikataja maegesho. Mhadhiri mmoja akauliza kama nataka walimu waje na pikipiki. Nikataja shamba la chai, mkuu wa kitivo akafungua faili lenye picha za miche. Uwanja wa mpira sikumaliza kuutaja. Kila mmoja alisikitika sana juu ya wasichana, na kila mmoja alisikitika akiwa ameketi juu ya chake.

"Basi tunarudi karakana," Profesa Mageto akasema. "Nyathira, upime leo. Sio kesho. Na upime kama mtu ambaye binti yake atalala hapo."

Nilitembea kuelekea langoni nikiwa na daftari na futi ya kupimia, na nilitembea polepole kadiri nilivyoweza. Habari ilikuwa imenitangulia. Mashine ya kuranda ilikuwa imesukumwa kando, vitanda vilivyokuwa havijamalizwa vimepangwa nje kwenye manyunyu, na katikati ya sakafu Kipkurui alikuwa ameshapasua simiti, mraba wa futi tatu kwa tatu. Wote kumi na wanne walikuwepo. Cherotich alikuwa amevaa miwani yake ya kuchomelea ingawa hakuna kilichowaka. Hakuna aliyenisalimia, wala aliyenitukana. Walinipisha nipite.

Kijana mmoja alitaka kuuchukua mtaimbo, Kipkurui akamnyima. Aliuinua mwenyewe.

Sijawahi kuombea ardhi iwe mbovu, lakini nilisimama pale nikaomba. Niliomba tope, mchanga, maji, chochote cha kuandika kwamba hapa pia hapafai, ili kamati iende ikang'oe chai ya kitivo. Alipiga mara ya kwanza, udongo ukatoka mkavu, mgumu. Akapiga tena, akachota kwa koleo, akapiga. Alipofika kama futi mbili na nusu mtaimbo uligonga ukalia, na mlio ukazunguka kwenye mabati yote. Kipkurui alihama hatua mbili, akapasua simiti upya, akapiga kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka. Ukalia tena. Akahama mara ya tatu mpaka karibu na ukuta, chini ya msumari anapotundika kufuli, na jasho likawa linamtiririka shingoni. Nikasema, "Mzee, imetosha," lakini alipiga mpaka mtaimbo ukamruka mikononi.

Aliinama akatia kiganja chake ndani ya shimo, akapapasa.

"Ni jiwe moja," akasema. "Imeenda yote, mpaka kwa lango. Hapa hata orofa kumi itasimama." Alijinyoosha, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Andika, Madam."

Nikaandika.