Kamera ya Sebuleni

Wiki iliyopita Fundi aliteleza bafuni, akalala sakafuni mpaka jirani alipomsikia akigonga ukuta. Ndiyo maana leo binti yake wa pekee amekuja na kamera kwenye boksi, na sharti lake halina kona: kamera ifungwe sebuleni, au baba ahamie kwake na nyumba ipangishwe.

"Ni ya kukumonita tu, baba. Nikiwa kazini nakuona kwenye simu."

Fundi akaguna. Neno hilo alifahamiana nalo tangu enzi za kaptula. Shule aliishia darasa la nne, lakini Kizungu hicho kilimkaa kichwani, maana monita wa darasa alikuwa msichana mwembamba, rula yake ndefu kuliko mkono. Mwalimu akitoka, yeye ndiye serikali. Akikaza macho, hata panya wa darini walitulia. Wapiga kelele wote aliwataja wakala viboko, isipokuwa mvulana mmoja wa dawati la nyuma. Miaka baadaye, wakiwa mke na mume, Fundi alimuuliza kwa nini yeye hakutajwa hata siku moja.

"Wale nilikuwa nawachunga," mkewe alimjibu. "Wewe nilikuwa nakuangalia."

Kiwandani neno likabadilika sura. Wakubwa walitundika kamera juu ya mashine za nyuzi, na monita zikapangwa ofisini kwa meneja. Fundi akienda chooni, wanajua. Ila vipuri vilipopakiwa kwenye malori ya wakubwa haohao, monita zililala usingizi wa pono. Kiwanda kikafa, wao wakanenepa.

Halafu ikaja hospitali, mkewe alipolazwa. Wodi nzima muuguzi mmoja, kwa kuwa waliokalia viti vya juu walisema bajeti haitoshi, na magari yao mapya yanang'aa pale nje. Muuguzi wa watu akamwomba, "Baba, nisaidie kuangalia monita. Ikilia, niite." Fundi akaukodolea macho ule mstari wa kijani kama uzi unaotaka kukatika. Mkewe akamvuta shati.

"We mtu wangu. Mimi niko huku."

Akageuka. Wakaangaliana mchana kutwa, maneno machache tu. Ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho.

"Baba, unanisikia? Niifunge wapi?"

"Wewe utaniona. Mimi nitakuona?"

"Hapana. Hii inaonyesha upande mmoja."

"Basi hiyo ya meneja. Rudisha dukani."

"Usinifanyie vituko, baba. Nilipopigiwa simu kwamba uko chini, niliacha kazi nikakimbia."

Fundi akamtazama, akamtazama hasa. Mvi zimeanza lini pale juu ya paji? Na macho yalivyoingia ndani.

"Unakula wewe?"

"Tunaongelea kamera."

"Mimi naongelea njiti iliyosimama mbele yangu."

Binti akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Fundi akachomoa ufunguo wa akiba mfukoni, akamwekea mkononi.

"Sihami, na dude hilo silitaki. Ukitoka kazini njoo tule. Uniangalie mpaka uchoke, na mimi nikuangalie."

"Kila siku, na foleni hizi?"

"Unapoweza. Usipoweza, piga ile simu ya sura, nikuone."

Binti aliugeuzageuza ufunguo. "Mwezi mmoja," alisema. "Ukianguka tena, naifunga."

"Na wewe ukizidi kukonda," Fundi akamjibu, "nahamia kwako mimi mwenyewe, bila kuitwa."