Maneno Yaliyombakia Kimaiyo

Kimaiyo alipotoka hospitalini, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yake karibu yote yalikuwa yamekwenda. Hakuweza kusema maji. Hakuweza kusema uji, wala jina la mkewe, Chepngeno, aliyeketi kando yake katika gari la jirani wakipanda kurudi Kiamunyi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeificha Menengai yote, ungedhani mlima umehama na kuacha mahali pake peupe. Kimaiyo aliutazama ule weupe kwa muda mrefu. Kisha akasema wazi kabisa, kwa sauti ileile aliyoingia nayo hospitalini:

"Over two point five."

Chepngeno akageuka. "Unasema nini, Baba Cheruto?"

Macho ya Kimaiyo yalikuwa yamerudi kwenye ukungu.

Daktari alikuwa amemwonya Chepngeno. Kiharusi kinaweza kufagia maneno yote na kuacha yale tu ambayo ulimi uliyazoea bila kufikiri. Mgonjwa mmoja hubaki na sala, mwingine na matusi, mwingine na nyimbo. Chepngeno aliomba ziwe nyimbo, kwa maana mumewe aliimba besi katika kwaya ya kanisa tangu ujana. Lakini nyimbo hazikuja. Yalikuja maneno mengine, mawili leo, moja kesho, nayo hayakufanana na kitu chochote cha nyumba ile. GG. Handicap. Void. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayekupisha mlangoni, kisha akamtazama mkewe usoni akingoja.

Pasta Weldon alipokuja kumwombea, aliomba kwa muda mrefu, na Chepngeno akaomba baada yake. Walipofungua macho, Kimaiyo alikuwa akitabasamu kwa ule upande mmoja wa uso uliobaki hai.

"GG," akasema.

"Huyo ni mjukuu?" Pasta akauliza.

"Hapana, Pasta," Chepngeno akasema, akainuka kwenda kuangalia chai iliyokuwa haihitaji kuangaliwa.

Alijua maneno yale yalitoka wapi. Jumamosi mchana, tangu aache kuendesha lori la maziwa, mumewe alikuwa akishuka mtaa wa Free Area kwa kinyozi mmoja aliyeitwa Kihara, na kurudi jioni na nywele zilezile alizoondoka nazo. Siku moja Chepngeno aliona kamari kwenye simu ya mumewe na kumuuliza. "Ni mpira tu," Kimaiyo alijibu. "Naweka pesa kidogo ya kuchangamsha." Chepngeno, ambaye pale kanisani aliongoza akina mama katika maombi dhidi ya mchezo huohuo, alinyamaza wiki nzima. Baadaye hawakuligusa tena jambo hilo. Likawa kama chumba cha nyumba ambacho hakuna anayekifungua.

Sasa mumewe alikuwa amejifungia humo, na Chepngeno hakuwa na ufunguo.

Basi akashuka Free Area. Kibanda cha Kihara kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi ya buluu, televisheni juu ya kioo imezimwa. Kihara alikuwa mzee mjane mwenye mikono safi sana. Alipomwona mlangoni akavua kofia.

"Mama Cheruto. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaongea. Ndio nimekuja. Nataka unifundishe."

"Nikufundishe kunyoa?"

"Kubet."

Kihara akaitazama ile kofia mkononi mwake.

"Si kuweka," Chepngeno akasema. "Sitaki kuweka hata kitu. Nataka maneno. Mume wangu ananiongelesha na mimi siskii."

Kihara akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akachukua vitana viwili, cheusi na cheupe, akavilaza mbele ya kioo. Hii ni timu, akasema, na hii ni timu. Kukisemwa GG, mtu anasema timu zote mbili zitafunga. "Nani ameshinda, hiyo si maneno yako. Huyu apate, na huyu apate. Basi."

Chepngeno akakumbuka sala mbili, ya Pasta na yake, na yule mtu katikati akitabasamu. Akaona aibu kidogo, na chini ya aibu kitu kingine kilichokaribia furaha.

"Na over two point five? Nusu goli inafungwaje?"

"Haifungwi. Nusu imewekwa ndio kusikuwe na katikati. Magoli yakifika matatu, imepita. Yakikaa mawili, haijapita, hiyo ni under." Kihara akavisogeza vitana. "Alipenda sana over, huyo. Mechi imelala, sisi wote tumeshakata tamaa, yeye anasema itapita."

Akamweleza handicap: timu dhaifu huhesabiwa kana kwamba imefunga goli kabla mpira haujaanza, ili isidharauliwe. Akamweleza void: mechi ikivunjika, kwa mvua au kwa fujo, kila mtu anarudishiwa chake na inakuwa kama haikuchezwa. Na odds? Chepngeno alikuwa amelisikia neno hilo hata redioni, akidhani ni jina la kampuni.

"Odds ni imani, tuseme hivyo," Kihara akasema. "Timu ambayo kila mtu anaamini, inapewa odds ndogo. Ile hakuna mtu anaamini, ndio inapewa kubwa. Sasa bwana yako alikuwa anachagua hizo kubwa. Zile timu za mkiani. Tulikuwa tunamcheka. Anasema, hawa nao wameamka asubuhi wakafunga viatu, wacha mtu mmoja awe upande wao."

Chepngeno alirudi nyumbani akiwa na wivu. Si wa mwanamke mwingine, bali wa kibanda kile cha buluu kilichomjua mumewe upande ambao yeye hakuujua.

Tangu siku hiyo nyumba ilianza kusema. Asubuhi alishika kijiko cha sukari juu ya kikombe na kuuliza, "Over ama under?" na Kimaiyo akajibu. Kuku alipotoweka na baadaye akapatikana kwa jirani, Kimaiyo akasema "void", na ni kweli, ilikuwa kama hakupotea. Siku moja aliuinua mkono wake uliolala kwa ule mwingine, akauonyesha kama mtu anayeonyesha nguo iliyochanika.

"Handicap," akasema, na machozi yakamjaa.

Chepngeno akauchukua ule mkono akauweka mapajani mwake. "Basi hesabu tumeshapewa goli moja," akasema. "Tunaanza tukiwa mbele."

Kimaiyo akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza, kimepinda, kirefu.

Alasiri walikaa barazani. Chini kule ziwa lilikuwa utepe tu, siku nyingine la fedha, siku nyingine lenye ukingo wa waridi pale ndege walipotua, na upepo ukileta vumbi jeupe lililofanya miti yote ionekane iko mbali. Mvuke ulipanda kutoka Menengai taratibu, ukasimama, ukaachana na mlima. Chepngeno alianza kuyaona mambo kwa lugha ile bila kutaka: wingu lenye odds kubwa, mvua isiyoaminiwa na mtu. Usingizini aliota uwanja usio na mistari chini ya mlima Longonot, mahali alipokutana na Kimaiyo wakiwa vijana, na Kimaiyo akitembea humo akiongea, sentensi ndefu nzuri zisizokatika. Aliamka akijaribu kushika hata moja. Zilikuwa zimeyeyuka zote, imebaki joto lake tu sikioni.

Hakumwambia mtu jinsi alivyochoka. Kumwinua, kumwosha, kumlisha, kumgeuza, na kufikiri kila neno kabla halijawa na maana. Binti yao Cheruto alipofika kutoka Nairobi Jumamosi moja, alimwona mama yake kabla ya kumwona baba.

"Mum, umeisha," akasema. "Namchukua Dad. Kwangu kuna daktari wa kumfundisha kuongea, kuna lifti, kuna kila kitu. Na wewe ukuje, ama upumzike hapa. Vile unataka."

Chepngeno akasikia mwili wake wote ukikubali kabla ya moyo. Akaenda kupanga nguo za mumewe.

Kihara alikuwepo, kama alivyokuwepo Jumamosi zote siku hizi, amekuja kumnyoa rafiki yake ndevu. Kimaiyo aliliona begi. Akainua kidole kimoja.

"Moja."

Cheruto akamletea glasi moja ya maji. Kimaiyo akaisukuma, na binti akamletea mto mmoja.

"Moja," Kimaiyo akarudia. "Moja. Moja."

"Anahesabu nini?" Cheruto akauliza. Chepngeno hakujua, neno hilo hakuwa amefundishwa. Wakamtazama Kihara, naye akawa anaufuta wembe uliokwisha kufutwa.

"Mimi sitaki kuingilia mambo ya familia."

"Sema, Mzee Kihara," Chepngeno akamwambia.

"Kwa mechi, X ni sare. Mbili ni mgeni anashinda. Moja..." Akasita. "Moja ni mwenye uwanja. Ni nyumbani."

Cheruto akapiga magoti mbele ya kiti. "Dad. Unataka kubaki hapa?"

"Moja."

"Na Mum akichoka?"

Kimaiyo akamtazama mkewe. Alitafuta kwa muda mrefu, midomo ikijaribu milango isiyofunguka. Hatimaye akanyoosha mkono mzima kumwelekea yeye, kiganja wazi, kama mtu anayempa mtu njia.

"Cash out," akasema polepole.

Safari hii Kihara hakungoja kuulizwa, ila alisema akitazama sakafu. "Ni ile unaamua kutoka kabla mpira kuisha. Unabeba kile kiko, hata kama ni kidogo. Hakuna mtu anakulaumu."

Nje kivuli cha wingu kilipita juu ya mahindi. Chepngeno alielewa kwamba mumewe amempa ruhusa. Kwa lugha duni iliyombakia alikuwa amemwambia kwamba anaona, kwamba amekuwa akiona muda wote, na kwamba anaweza kwenda.

Alitaka kusema kuwa hajachoka. Ilikuwa ndiyo njia rahisi, lakini haikuwa kweli.

"Nimechoka, Baba Cheruto," akasema. "Nimechoka kabisa. Lakini kutoka sitoki. Nitaenda kwa Cheruto wiki moja nilale, halafu nirudi. Na nikirudi nataka mtu wa kunisaidia."

"Nitatafuta mtu," Cheruto akasema haraka. "Na hiyo wiki?"

"Mimi nitakaa na yeye," Kihara akasema. "Kibanda kinaweza kufungwa."

Kimaiyo akashusha mkono wake. Akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, mpaka Chepngeno akamshika shavu kukituliza.

Huko Nairobi alilala. Alilala mchana, alilala na chakula mezani, alilala binti yake akimsimulia habari. Aliporudi, mwanamke aliyeitwa Nekoye alikuwa ameshaanza kazi, mpole na mwenye nguvu, na Kimaiyo alikuwa barazani, ndevu zimenyolewa vizuri, shati limefungwa hadi shingoni.

Alimwona mkewe akipanda njia. Uso wake ukafanya kazi kubwa.

"Ngoja," akasema.

Chepngeno akasimama hapo hapo na mkoba wake. Akamgeukia Kihara, aliyeketi kando ya mgonjwa. "Hiyo nayo ni nini?"

"Hiyo si ya mpira," Kihara akasema. "Imekuja yenyewe juzi. Anaambia chai ngoja, anaambia kuku ngoja. Jana ameniambia mimi."

Chepngeno akaweka mkoba chini, akavuta kiti karibu. Kimaiyo alimshika kifundo cha mkono, macho yake yakiwa mbali, yakitafuta neno lililofuata. Kutoka upande wa ziwa mvua ilikuwa ikija, taratibu, kijivu, bado haijafika. Chepngeno alikaa akangoja.