Bei ya Jiwe la Kitsao

Jiwe la kaburi lilikuwa limekwisha kuchongwa. Kadzo alilipapasa jina la mumewe, Kitsao, herufi kwa herufi, kisha akatoa kadi ya benki. Jumamosi ndugu wangekuja kaburini na jiwe lilitakiwa liwe limesimama.

"Kwa kadi ni elfu kumi na mbili mia tatu sitini, mama," akasema Tayebali, mwenye duka.

"Si tuliagana elfu kumi na mbili?"

"Hiyo ya pesa mkononi. Kadi ina nyongeza, benki yanikata."

"Ikukate wewe, damu nitoke mimi?"

Tayebali akacheka. Kadzo hakucheka. Michango ya waliofanya kazi na marehemu huko Liwatoni ilikuwa benki yote, na mashine ya kutolea pesa pale karibu ilikuwa mbovu. Pesa zilitosha, kilichomuuma ni kuchezewa katika msiba wake. Huyu ameona jina limeshachongwa, akawaza, ajua sina pa kwenda. Akatoka bila kuaga.

Mtaa wa pili, kwenye duka la Sarrah, kulikuwa na mawe yale yale.

"Pole kwa msiba, dada. Hili ni elfu kumi na mbili mia tatu sitini. Ukiwa na pesa mkononi, nakupunguzia hizo mia tatu sitini."

"Na kwa kadi?"

"Bei yake tu. Sikuongezi hata ndururu."

Moyo ukamtulia Kadzo. Huyu ndiye mtu! Sarrah akabonyeza kimashine, akamgeuzia aweke namba ya siri. Kadzo akasoma kiasi, kidole kikabaki hewani.

"Taslimu ulisema ngapi?"

"Elfu kumi na mbili kamili."

"Kama Tayebali. Lakini yeye aniongezea, wewe wanipunguzia."

"Sasa dada, hasira zako ni za nini hasa?"

Kadzo alihesabu kuanzia chini, akahesabu kuanzia juu, akafika palepale. Ila kwa Tayebali alikuwa ameonewa, na hapa amehurumiwa. Jiwe la hapa halikuwa na jina, na kulichonga ni siku nne. Leo Alhamisi.

"Niwie radhi," akasema, akarudi alikotoka.

"Bwana Tayebali, niambie kweli. Bei ya jiwe hili ni ngapi?"

"Kwa kadi au kwa pesa mkononi?"

"Bei yake lenyewe."

"Hiyo sijapata kuulizwa, mama."

Kadzo akaweka namba ya siri. Jiwe likapakiwa kwenye tuktuk, naye akakaa kando yake akilishika lisiyumbe, akimwambia Kitsao kimoyomoyo kwamba ameibiwa, au hakuibiwa, hata hajui.