Chipu Zisizo na Namba

Siku niliyokwenda kununua chipu sikuweza kusimama sehemu moja. Nilikuwa dukani kwa Siti, hapa hapa Tunduma, naegemea mguu huu, naegemea ule, natazama barabarani, natazama simu, natazama tena barabarani. Siti akaniuliza kama nimeacha chungu motoni. Nikamwambia nimeacha mume nyumbani, na huyo naye ukimwacha anaungua.

Chipu, kwa asiyezijua, ni vile visahani vidogo vya duara vinavyowekwa mezani watu wakicheza poka. Mimi nilikuwa sizijui. Nimezaliwa Hasamba, kule Mbozi, kwetu ni kahawa na mahindi na kwaya, na karata nilizijua kwa ubaya wake tu. Raphaeli, mume wangu, alikuwa akicheza kwa hela kila Jumamosi nyuma ya baa moja karibu na maegesho ya malori. Alianza na hela ya soda. Mwaka jana akaichezea pikipiki ya marehemu baba yangu, akarudi kwa miguu, akala ugali wake, akalala. Halafu siku moja nikamkuta ameinua godoro anapekua ile bahasha ya hati ya kiwanja chetu, ananiambia anatafuta soksi.

Sikulia. Mimi nikikasirika silii, nafagia. Nilifagia uwanja mpaka nikafika kwa jirani, kisha nikarudi nikamwambia: karata sikukatazi, maana nikikukataza utazifuata kwa siri. Lakini utacheza hapa nyumbani, mbele yangu, bila hata senti. Atakayeshika mkia ataosha vyombo. Atakayeshinda nitampa firigisi ya kuku. Na siku nitakayosikia umekanyaga tena kule nyuma ya baa, mimi na mwanangu Goodness tunapanda gari la Mbozi na haturudi. Akakubali haraka mno. Mtu akikukubalia haraka hivyo anakuachia wasiwasi, nami niliubeba wasiwasi huo kila nilikokwenda.

Wachezaji wenzake walikuwa watatu. Zabron ni mwalimu, mtu wa kwetu Mbozi. Watson anabadilisha fedha hapa mpakani na Zambia, shilingi kwa kwacha na kwacha kwa shilingi, na hata akiwa amekaa kimya vidole vyake vinahesabu. Na Uledi, muuza vipuri vya malori, mtu wa Tanga, mpole, ambaye siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema kabla hajavua viatu, "Shemeji, nimekuja kwa sababu umesema hakuna hela. Ikiingia hela, mimi natoka." Nikamwambia hapo umefika, karibu sana.

Shida ikawa wachezee nini. Mara ya kwanza niliwapa punje za kahawa, maana kwangu hizo ni bure. Sikukumbuka kwamba hata kwa mwalimu Zabron ni bure. Mchezo ulianza na kikombe kimoja cha punje ukaisha na vikombe viwili, na mifuko ya koti la mwalimu imelegea. Walicheka mpaka wakapaliwa. Mara ya pili nikaokota vizibo vya chupa za bia. Vizibo Tunduma vimejaa kila mtaro, lakini Raphaeli alikuwa anavinusa. Naapa. Anachukua kizibo, anakinusa, anatazama geti. Nikavitupa vyote jalalani, nikachukua mgao wangu wa akiba ya kikoba nikaenda kwa Siti.

Siti akanipangia aina tatu juu ya kaunta.

"Hizi plastiki tupu, elfu kumi na tano, nazitoa hapo ng'ambo Nakonde," akasema. "Ukiwasha feni zinahama zenyewe. Hizi za kati, elfu sitini. Zina chuma ndani, hebu shika. Hazina namba, zina rangi tu, wenyewe mnakubaliana nyekundu ni nini na nyeusi ni nini."

"Na zile?"

Zile zilikuwa ndani ya sanduku la bati linalong'aa, lenye vifungo viwili kama la daktari. Kila chipu ilikuwa nzito, na katikati yake kibandiko cha rangi ya dhahabu kimeandikwa namba: mia tano, elfu, elfu tano. Bei yake laki moja na themanini.

"Hizo za watu wa kujionyesha," Siti akasema. "Shoga yangu, chukua za kati. Kwa mchezo wa nyumbani zinatosha, na mpaka Goodness anaolewa hazijavunjika."

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimeshaishika ile ya elfu tano, nikaigonganisha na mwenzake, ikatoa mlio wa kitu cha maana. Nikawaza, kule nyuma ya baa kuna vibunda vya noti na makelele. Mimi nina nini cha kumshikisha mwanamume yule mkononi ili asiondoke? Nikimpelekea plastiki ataona nyumbani kwake ni plastiki. Nikalipa mgao wote wa kikoba na nauli ya bodaboda juu yake, nikarudi kwa miguu nimekumbatia sanduku.

Ningeweza kukueleza uso wa Raphaeli alipolifungua, ila nitaona haya. Alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Jumamosi hiyo hakutazama geti hata mara moja, na mimi jikoni nilikuwa naimba. Watson aliinua chipu moja akaigeuza geuza, akauliza, "Hii ya elfu kwa leo ni kwacha ngapi?" Akajijibu mwenyewe, mpaka na desimali zake. Wote wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Ndivyo tulivyo mji huu. Mtoto wa Tunduma anajua bei ya kwacha kabla hajamaliza kujifunza kuhesabu, na kitu chochote kikiandikwa namba lazima mtu aulize ng'ambo kinakwendaje.

Baada ya hapo wakawa wanakuja mapema. Nilifurahi kwa hilo, mjinga mimi. Lakini kelele zilipungua. Hakuna aliyegombania kuosha wala kutoosha vyombo, Raphaeli aliviosha kimya kimya bila hata kuulizwa. Uledi akaacha kuja. Nilipompigia akasema ana mzigo wa vipuri anausubiri, nami nikadhani pilipili yangu imemzidi, nikapunguza. Mguu wa Raphaeli ukaanza kucheza chini ya meza mpaka vikombe vikawa vinalia. Na firigisi ikarudi jikoni imepoa juu ya kisahani chake, haijaguswa. Jumamosi iliyofuata ikarudi tena. Wanaume watatu wakubwa, wote wamelelewa kwenye nyumba ambazo firigisi ni ya baba, na hakuna aliyeitaka! Nikampa paka. Nilifagia sana wiki ile bila kujua kwa nini.

Nilikuja kujua sokoni. Nilinunua nyanya kwa Marta, nikampa noti ya elfu tano, akanirudishia chenji. Ndani ya chenji kulikuwa na chipu nyekundu ya elfu.

"Marta, hii nini?"

"Si zile za kwa Watson, dada? Ukimpelekea anakupa hela yako. Shilingi, kwacha, mwenyewe unachagua. Hapa siku hizi tunazipokea."

"Nani kakupa?"

Akanitazama kama vile namtega. "Baba Goodness. Si kachukua mkaa hapa jana?"

Mkaa. Nilikuwa nimeupikia asubuhi hiyo. Nilimrudishia Marta chipu yake, hapana, nikaichukua tena, nikamwambia abaki na chenji yote, nikaondoka nikiwa nimeziacha nyanya. Nilikwenda mpaka karibu na foleni ya malori, nikageuka, nikaenda mpaka stendi, nikageuka. Nilitaka kupanda gari la Mbozi pale pale. Sanduku nilinunua mimi. Namba nilizilipia mimi, kwa hela ya kikoba, na Siti aliniambia.

Raphaeli nilimkuta anafunga kamba ya kuanikia nguo. Nikaiweka ile chipu juu ya kiganja chake.

"Uliniahidi hakuna hela."

"Hakuna hela, Mama Goodness. Hapa mezani hela haijawahi kukaa."

"Inakaa wapi?"

Akakaza fundo la kamba. "Kwa Watson."

Na niamini, alikuwa anasema kweli yake. Aliitazama ile chipu kama mtu aliyetii sheria yote. Watson alikuwa anaondoka na chipu mfukoni, wenzake wananunua kwake kabla ya kuja, wanaingia kwangu wamevaa mashati safi, wanakula kuku wangu, wanaondoka kwenda kubadilisha.

"Nilikuwa nimeshinda," akaongeza.

"Ulikuwa."

Nilibandika sufuria kubwa la maji, nikatia sabuni, nikamimina sanduku zima humo ndani. Vibandiko vilipolainika nikampa kisu. "Toa namba zote," nikasema. "Ukimaliza ndiyo utajua kama nina mume au nina mpangaji." Alikaa kwenye kigoda akabandua moja baada ya nyingine, na vibandiko vya dhahabu vikamganda mpaka kwenye viwiko. Sikumsaidia. Nilitamani kumsaidia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilipompigia Watson kumwambia chipu zote hazina kitu, alipiga kelele. "Shemeji, nina rundo zima mkononi, nimeshalilipia hela! Umeniua!" Nikamwambia azilete nizichemshe na zenyewe. Akakata simu. Mwalimu Zabron alituma ujumbe kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Shule zilikuwa zimefungwa.

Jumamosi ikafika, na baridi yake ile ya mwezi wa sita inayoingia hadi kwenye mifupa. Saa kumi nilikuwa nimepika, nimepanga meza, nimepanga chipu tupu kwa rangi zake. Saa kumi na nusu hakuna mtu. Raphaeli alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akafungua bomba, akalifunga. Mimi nilifunua sufuria ambalo halikuhitaji kufunuliwa. Simu yake ikaita. Aliitazama jina likiwaka, hakuipokea, ikaita tena, akaipokea akasikiliza bila kusema neno. Nilijua ni nani na nilijua wako wapi.

Akavaa koti.

"Natoka kidogo," akasema.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga wiki nzima, makali yote. Yaliyotoka ni haya tu: "Raphaeli, naogopa." Sijawahi kumwambia hivyo tangu anioe. Alisimama, akashika kitasa, akatoka.

Nikasikia geti. Nikaanza kurudisha chipu sandukuni, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, nikiwaza begi la Goodness liko wapi na gari la mwisho la Mbozi linaondoka saa ngapi. Sikufagia.

Geti likalia tena. Raphaeli aliingia akiwa na koti lake, na nyuma yake Uledi, anavua viatu.

"Nimemkuta hapo nje," Raphaeli akasema, bila kunitazama.

"Nimesikia namba zimefutwa," Uledi akasema. "Na pilipili irudi basi, shemeji. Mbona uliipunguza?"

Walikaa wawili, na wawili hawatoshi mezani, basi nikakaa na mimi. Sikujua mchezo. Uledi akanifundisha kwa uvumilivu mkubwa, na Raphaeli akagawa karata akiwa na koti lake mwilini, zipu imefungwa mpaka shingoni, simu mfukoni. Ilitetema. Ikatetema tena. Mguu wake ulikuwa unacheza chini ya meza na vikombe vinalia, na mimi nilikuwa nahesabu vikombe, sihesabu karata.

Raundi ya mwisho nilisukuma chipu zangu zote katikati kwa sababu nilichoka kuzishika. Uledi akadhani nina karata kali, akatupa zake. Raphaeli akatupa karata. Wakafunua zangu wakaona sikuwa na kitu kabisa, hata jozi moja.

"Firigisi ya Mama Goodness," Uledi akatangaza.

"Haiwezekani!" Raphaeli akapiga meza. "Huyu hajui hata alichokishika! Firigisi haitoki mkononi mwangu kienyeji namna hiyo. Inarudiwa!"

Nilikuwa nimeshaitia mdomoni. Akanitazama nikitafuna, akasonya, akachanganya karata upya. Kisha akafungua zipu, akavua koti, akalitundika kwenye msumari na simu ikiwa ndani.

"Gawa wewe," akaniambia.