Saba Huku, Saba Huku

"…na mimi nakwambia kisima kifukiwe, Faraji, shimo lililomla mume wangu sitaki kusikia lina maji," mama anasema, na mjomba, mdogo wake, anasema, "Dada, wewe uko Kibaha una bomba, Vihingo wanatembea saa nzima kwa ndoo moja," na mimi nasukuma chapati, siinui uso, chapati inatoka duara kama kawaida, wateja wa mtaani hapa Kwa Mathias wanazipenda kwa hilo, hawajui kwamba kila moja naipima, kipenyo mara ishirini na mbili gawanya kwa saba, nikisema basi mkono unaendelea wenyewe… "Firdausi," mjomba anasema, "tumelichimbua upya lile shimo, kamba imezunguka mdomo mita nne na sentimita arobaini, niambie pete za zege ziwe na upana gani, fundi ananisubiri Mlandizi," na anasogeza kipande cha boksi na peni karibu na unga, na mama anasema, "Huyo mwache," na mjomba, "Nimwache, kwani nani mwingine humu kafika kidato cha pili, wewe?" na mama, "Na wewe ulifika wapi, si ulitorokea dirishani," siku nyingine ningecheka… mia nne arobaini mara saba gawanya kwa ishirini na mbili, mia moja arobaini, inakuja yenyewe, hata siku ile kugawanya sikukosea, ile ilikuwa mia moja ishirini, baba kashika kamba huku na mimi huku, akasema, haya mwalimu, nikamwambia acha sentimita tano tano pembeni pete ishuke bila kugusa, mwambie fundi mia na kumi, akaondoka na mia na kumi yangu, na fundi akaipima kwa ndani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia apime kwa nje, na zege lina unene, saba huku, saba huku, kwa nje ikawa mia moja ishirini na nne… pete ikakaa juu ya shimo kama sahani juu ya kikombe, na baba akacheka, akasema shimo ndilo dogo, mwanangu hakosei, wakaisogeza, akashuka na sululu achonge ukuta, sentimita nne tu hizi, Firdausi, lete ndoo, na udongo umelowa mvua ya wiki nzima, na nikasikia kama mtu ametua gunia, gunia moja, basi, nikainama nikaita, na vumbi halikuwepo hata kidogo, lilikuwa tope… walisema mvua, shehe akasema siku yake ilifika, na mama hakuwepo, alikuwa msibani Kisarawe mjini, alirudi akakuta msiba wake, na nilipoacha shule wakasema namsaidia mama chapati, kumbe mwalimu alichora duara ubaoni na mimi nikasikia sululu ndani yake… "Dada, wajukuu wa jirani Bi Mwamini wanachungulia mle kila siku, tuliache wazi?" na chapati inaungua upande mmoja, naigeuza, naandika 140, naandika 130, peni inasimama, nikitoa saba na saba mjomba atauliza saba ya nini, na kwa nini mara ya kwanza haikutolewa, na nisipotoa pete itagoma tena, na atashuka mtu, atashuka mjomba huyu mwenye mdomo, na kule chini ya godoro liko daftari langu, kurasa zote zimeandikwa hesabu moja, saba, mia na kumi, saba, saba, mia na kumi, saba, hakuna anayelijua… mama anavuta kanga yake kwenye kamba, anajifunika, anataka kutoka, hajakubali na hajakataa, na mimi naweka peni kwenye boksi, naandika 7, mafuta ya kidole yanaloweka karatasi, nasema, "Mjomba," nasema tena, "Mjomba, ile ya kwanza…" na mama amesimama mlangoni, ametupa mgongo, mkono kwenye fremu, anasema taratibu kama anayeniagiza chumvi, "Mtolee na unene, mwanangu. Saba huku, saba huku."