Shikamoo ya Landrova

Kwa miaka sita nililiamkia gari kila asubuhi kabla sijanywa chai. Nikikumbuka, hasira inanipanda upya.

Gari lenyewe ni Landrova ya petroli ya chama chetu cha wakulima wa mpunga hapa Mbingu, na dereva wake alikuwa mume wangu, Hilary. Alituambia bibi, hivyo ndivyo alivyoliita, hawaki bila shikamoo. Asubuhi alikaa kwenye usukani, akainama sana, mkono wa kushoto chini ya dashibodi, akasema, "Shikamoo, bibi," nami nikaamkia baada yake, na gari likawaka. Wengine walijaribu kuliwasha hivi hivi, likagoma. Mchana lilikubali bila salamu, nasi tuliona sawa, kwani nani anaamkiwa mara mbili kwa siku? Likishinda limelala kwenye mvua, lilitaka kuamkiwa upya.

Nilipomwomba anifundishe kuendesha, alisema bibi hapendi wanawake wenzake.

Basi Julai 1996, asubuhi ya ukungu na baridi, ngiri ya Hilary ilibana. Tumbo likawa gumu, akawa anatapika. Mganga wa zahanati alisema asipowahi kupasuliwa Ifakara, atakufa. Tukamlaza nyuma ya Landrova. Venance, dereva wa trekta la chama, akakaa kwenye usukani, akasema shikamoo, akazungusha ufunguo. Gari likagoma.

Mwenyekiti Evodius akaitisha kikao papo hapo, tumesimama. Ikaamuliwa kwamba Venance hakuinama vya kutosha. Akainama zaidi. Wapi. Jirani yetu Kabula, ambaye ni Msukuma, akajaribu salamu ya kwao, "Mwangaluka," nayo haikujibiwa. Venance akamwomba mwenyekiti aamkie mwenyewe.

"Kadi inasema limetengenezwa sitini na nne," alisema Evodius. "Mimi ni wa thelathini na moja. Lenyewe ndilo liniamkie."

Wakasubiri liamkie. Nawaapia, watu wazima kumi na wawili walinyamaza wakilisikiliza boneti.

Tulilisukuma kiwanja kizima cha mpira, wala halikukohoa. Betri ilikuwa inakata roho. Nikapanda nyuma nikamshika mume wangu mkono, nalia, naye akanivuta karibu na mdomo wake.

"Chini ya dashibodi kuna waya," alinong'ona. "Ni choki. Kishikio chake nilikikata mwenyewe."

"Choki ndiyo nini?"

"Injini ikipoa, petroli haigeuki mvuke vizuri. Inabaki matone, na matone hayashiki moto. Ukivuta waya, unaziba hewa kwenye kabureta. Injini inanyonya petroli nyingi, na huo mvuke wake kidogo unatosha kuwaka. Ikipata joto unaurudisha, maana haihitaji tena." Akafumba macho kwa maumivu. "Lakini uiname. Na useme shikamoo, wasijue."

Mtu yuko mlangoni mwa kaburi, bado analinda usukani. Nilimpenda, na nilitamani kumpiga kofi.

Nikakaa mbele karibu na Venance, nikainama, nikauvuta waya, nikamwamkia bibi kwa sauti kubwa, Venance akazungusha ufunguo. Likanguruma. Evodius akavua kofia.

Hilary alipasuliwa, akapona. Wiki zote alizokuwa wodini Venance alinifundisha kuendesha, kwa sababu kikao kilisema gari limenichagua mimi. Hilary aliporudi kuudai usukani wake, Evodius akaamua liulizwe lenyewe, asubuhi, mbele ya wanachama.

Hilary akainama. "Shikamoo, bibi." Mkono wake ukapapasa chini ya dashibodi, ukapapasa tena. Jana yake nilikuwa nimeuhamishia waya upande wa mlango.

Gari likagoma. Angeweza kusema neno moja tu, choki, lakini wangemuuliza kwa miaka sita alikuwa anamwamkia nani. Akanitazama. Mimi nikatazama boneti.

"Limekununia," alisema mwenyekiti. "Mwombe mkeo akusaidie."

Akashuka, akaja akasimama mbele yangu. "Mama Beatus," alisema polepole, "tuwashie gari."

"Hujaniamkia," nilimjibu.

Mume wangu amenizidi miaka kumi na moja. Alitazama wanachama, akatazama Landrova, kisha akainama, vizuri kabisa, kama alivyotufundisha.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," nikamwambia, nikapanda, nikawasha.